Dhamiri ikikusuta, iulize inadai nini

Katika uchungaji wangu hapa Tanga, wanaokuja na mzigo moyoni wengi huanza hivi: "Mchungaji, niombee nipate amani." Naomba nao, ila kabla hatujafumba macho nauliza: umefanya nini, umemfanyia nani, na mtu huyo yupo? Hatia ya kweli ina tendo na ina mtu.

Chukua mama mmoja, mweka hazina wa kikoba pale Makorora. (Habari za watu kadhaa nimezichanganya, usimtafute.) Alichukua laki tatu za wenzake akalipa ada ya mwanawe, kisha kwenye daftari akafuta tarakimu na kuandika nyingine, karatasi ikabaki nyembamba pale alipofuta. Tangu hapo amefunga, amekesha, na kila ukitolewa wito wa toba yeye ni wa kwanza madhabahuni, akilia kwelikweli. Akikutana na mwanakikundi mwenzake soko la Mgandini, yote yanaanza upya.

Wapo watakaomwambia imani yake ni haba. Mimi nasema dhamiri yake ni nzima kabisa: inadai laki tatu. Fedha ile ni jasho la wauza samaki na mama ntilie, na machozi ya madhabahuni hayajawafikia.

Torati ilikuwa wazi. Katika Hesabu 5:7 mkosaji aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Kwa kipimo hicho laki tatu inakuwa laki tatu na sitini. Zakayo alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne. Lakini tazama mpangilio wa Luka 19, maana hapa ndipo wengi tunapopotoka: Yesu alitangaza kushinda nyumbani kwake kwanza, watu wakanung'unika, ndipo Zakayo akasimama kutaja mali. Hakulipa ili akubaliwe. Alikuwa amekwisha kukubaliwa, ndiyo maana mkono ukafunguka.

Basi mama huyu simsimamishi mbele ya usharika. Aende kwa mwenyekiti wa kikundi, ana kwa ana, akiwa na kiasi cha kwanza mkononi na tarehe za kumalizia. Ataaibika. Huenda wakamvua uweka hazina, na wana haki hiyo. Kusamehewa hakumrudishii ufunguo wa sanduku.

Ipo hatia nyingine isiyo na mdai. Kijana anasema, "Mimi ndiye niliyemuua mama." Ukimsikiliza hadi mwisho, mama alilalamika kichwa usiku, kijana akampa dawa ya maumivu, alfajiri wakamkimbiza hospitali ya Bombo, asubuhi hakuwepo tena. Huyu ukimwongoza sala ya toba umethibitisha shtaka la uongo, na atarudi wiki ijayo na shtaka lilelile. Namuuliza: usiku ule ulijua nini? Alijua kichwa kinauma, basi. Alicho nacho ni msiba, na msiba huliliwa, hautubiwi. Ndipo namsomea 1 Yohana 3:20, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Na hayo yote ni pamoja na usiku ule.

Martin Luther alipokuwa mtawa aliungama kwa Johann von Staupitz, mkuu wake katika utawa, kwa muda mrefu mno, akiogopa kuna dhambi aliyoisahau. Nadhani ndiyo maana Katekisimu yake Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, ina hekima hii: mbele za Mungu tujikiri wakosaji wa yote, hata tusiyoyajua, kama tufanyavyo katika Baba Yetu, mbele ya mchungaji tutaje yale tu tunayoyajua na kuyasikia moyoni. Ninaitumia karibu kila juma kwa watu wanaojichimbachimba hadi kukosa usingizi.

Wengine hali inazidi hapo. Mtu anarudia sala ileile usiku kucha kwa hofu kwamba hakuisema vizuri, hali chakula, au anasema bora afe. Huyo simpangii mfungo wala mkesha, na inaniuma anapofanyiwa hivyo huku hali ikizidi kuwa mbaya. Siku hiyohiyo naongozana naye kwa daktari, na ndugu zake nawaomba wasimwache peke yake. Maombi yanaendelea, na akiandikiwa dawa, anazimeza.