Chemchemi Ndiyo Nyumba ya Manati wa Florida

Manati ni jamaa wa nguva tunayemjua katika pwani yetu, ila mkia wa nguva umepasuka kama wa nyangumi, na wa manati ni mviringo kama mwiko mpana. Wengi wanaomwona kwa mara ya kwanza, mnyama mwenye urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 450 hivi, hudhani kwamba mwili mkubwa namna ile umejaa mafuta ya kuukinga na baridi. Sivyo ulivyo. Mafuta yake ni machache, na mwili wake hutumia chakula polepole mno, hivyo joto analolizalisha ni dogo. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku kadhaa, manati huacha kula, ngozi yake hutoka vidonda, kinga ya mwili hupungua na hatimaye hufa.

Ndiyo maana majira ya baridi yakikaribia, manati wa Mto St. Johns, katika jimbo la Florida nchini Marekani, huelekea Blue Spring, chemchemi ambayo maji yake hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 22 hivi mwaka mzima. Njia hiyo ndama huifahamu kwa kumfuata mama yake. Mahali hapo palifanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1972, wakati manati waliofika walikuwa makumi machache tu. Januari 2024 walihesabiwa 932 kwa siku moja. Wanapokuwepo, waogeleaji na boti haviruhusiwi kuingia, nami naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa manati wengi wana makovu mgongoni yaliyotokana na mapanga ya injini za boti.

Hata hivyo, katazo halitoshi ikiwa chemchemi yenyewe inakauka. Maji yake ni mvua iliyozama katika miamba ya chokaa, miamba ileile ambayo miji huchimbia visima. Mwaka 2006 mamlaka ya maji ya eneo hilo iliweka ratiba ya kuongeza kiwango cha chini cha mtiririko hatua kwa hatua, hadi kufikia lita 4,400 hivi kwa sekunde ifikapo 2024, na kipimo kilichotumika kilikuwa nafasi ya maji vuguvugu ambayo manati wanaihitaji. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo sheria ya maji imewahi kumpa mnyama.

Manati wengine wengi hutegemea maji moto yanayomwagwa na mitambo ya umeme, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mwaka 2021 walikufa wapatao 1,100 katika Florida, wengi wao kwa njaa, kwa sababu katika Indian River Lagoon, wangwa mrefu wa pwani ya mashariki ya Florida, mbolea na maji taka vilistawisha mwani uliozuia mwanga na kuua nyasi za majini. Waliokusanyika kwenye mtambo wa umeme wa Cape Canaveral, kando ya wangwa huo, walipata joto bila malisho, hata ikabidi walishwe saladi kwa tani nyingi.

Mitambo hiyo itafungwa siku moja, kwa hiyo chemchemi zilizozibwa zinapaswa kufunguliwa sasa. Bwawa lililojengwa mwaka 1968 kwenye Mto Ocklawaha, kwa ajili ya mfereji wa meli ambao haukukamilika, limefunika chemchemi zipatazo 20 na kuwazuia manati wengi wasifike Silver Springs, kundi la chemchemi kubwa zilizo juu zaidi. Ningeanzia hapo.