Mafundisho ya Watu Wazima: Yanayosemwa Jumuiyani na Ukweli Wake

Kila mwaka paroko hunituma nipite jumuiya kwa jumuiya, zile jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za mitaani, kutangaza darasa la mafundisho ya dini kwa watu wazima ninalofundisha. Ni Jumamosi saa 12 asubuhi, uani kwa mtu Nkuhungu au Chang'ombe, watu wamejitanda vitenge kwa ajili ya ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba. Injili inasomwa, tafakari inapita, halafu napewa dakika tano. Nikimaliza, nasikia maneno yale yale niliyoyasikia mwaka uliotangulia. Hayasemwi kwa ubaya. Lakini yanawafungia nje watu ninaowapenda, na mengi si kweli hata kidogo.

"Mimi nilishamaliza mafundisho"

Hili ndilo la kwanza, na ndilo lenye mizizi mirefu. Mtu alipata Komunyo ya Kwanza akiwa darasa la nne, Kipaimara darasa la saba, picha ipo ukutani, cheti cha ubatizo kipo kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa. Kilichobaki ni mafundisho ya ndoa, na hayo nayo anayahesabu kama karatasi inayosubiri muhuri.

Kanisa linafundisha kinyume chake. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake kuhusu katekesi, yaani mafundisho ya imani, alieleza kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo iliyo kuu, kwa sababu inawahusu wenye majukumu makubwa zaidi na wenye uwezo wa kuuishi ujumbe wa Kikristo ukiwa umekomaa. Sasa tazama Jumapili zetu. Watoto wana mwalimu, wana chumba, wana ratiba. Watu wazima tuna matangazo.

Majibu tuliyokariri utotoni hayakuwa mabaya. Yalijibu maswali ya mtoto. Mtoto hajamzika mwenzi wake. Hajakaa ofisini mbele ya bahasha aliyosukumiwa chini ya faili. Hajagombana na kaka yake kuhusu shamba la baba mpaka wakaacha kupeana mkono wa amani kanisani. Mambo hayo humkuta mtu akiwa na miaka 35, 50, 70, na akirudi kwenye kile alichokariri anakuta sentensi mbili tu. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuhama, au wanabaki mwili tu ukiwa kwenye benchi.

Nchi hii inalijua jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wakaenda ngumbaru na madaftari yao kwapani. Waliona ni heshima kuweza kuandika jina lao wenyewe. Kwa nini iwe aibu kujua kwa nini tunasema "nasadiki"?

"Kubatizwa ukubwani ni aibu, unakuwa Mkristo wa mkumbo wa pili"

Nyerere mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21, mtu aliyekwisha kupita sekondari ya Tabora. Mtakatifu Agustino alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32, na tayari alikuwa mwalimu mwenye jina. Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani, alibatizwa Italia Januari 1890 akiwa msichana wa miaka ishirini hivi. Mtu mzima anayebatizwa kwenye mkesha wa Pasaka kwa kawaida hupokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi usiku huo huo. Hiyo ndiyo namna ya kale ya kuingia katika Kanisa, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ndio ulioagiza ukatekumeni wa watu wazima, yaani maandalizi ya ubatizo yenye hatua zake, urudishwe.

Barani kwetu ukatekumeni haukuwa mgeni. Katika karne ya 19 Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake, wale tunaowaita Mapadre Weupe, wawaandae watu wazima kwa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba miezi yetu ya maandalizi ni mingi, namwambia babu zetu wa Tabora na Uganda walivumilia zaidi.

(Kwa sheria ya Kanisa, katika mambo ya ubatizo "mtu mzima" ni yeyote aliyekwisha kufikia umri wa kutumia akili, yaani karibu miaka saba. Wazazi wengi hushangaa kuambiwa kwamba mtoto wao wa darasa la tatu anapita njia ya wakubwa.)

"Mkatekumeni akifa kabla ya Pasaka, Kanisa halimziki"

Hili nalijibu polepole, kwa sababu najua linaumiza. Kwetu mtu huogopa kuzikwa kienyeji kuliko anavyoogopa kufa. Nimewahi kukaa kwenye msiba ambako mjane aliambiwa na majirani kwamba mumewe, aliyekuwa amebakiza miezi miwili tu, "hakuwa wetu". Alilia kilio ambacho si cha kifo tu.

Ukweli umeandikwa wazi. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba katika mambo ya mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Yule mtu alikuwa wetu tangu siku alipopokelewa mlangoni na kuandikwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Viongozi wa jumuiya, tafadhali, lijueni hili kabla msiba haujawakuta.

"Ukitoka Anglikana unabatizwa upya"

Hapa Dodoma swali hili halikomi. Waanglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876, Dayosisi yao ya Central Tanganyika ni ya mwaka 1927, na karibu kila ukoo wa Kigogo una Waanglikana na Wakatoliki mezani pamoja. Jibu ni fupi: aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena. Anafundishwa, anaungama imani, anapokelewa. Kumrudisha mwanzo kama mtu ambaye hajawahi kumjua Kristo ni kumdharau yeye na waliomlea.

"Biblia ni ya mapadre, sisi tutapotoka"

Mwaka 1965, katika hati yake kuhusu Ufunuo, Mtaguso uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko mara kwa mara, ukikumbusha neno la Mtakatifu Hieronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Anayeogopa kupotoka ana hoja, ila dawa yake si kulifunga kabati. Dawa ni kusoma na wenzako. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, ndani ya gari, na bado alimwambia Filipo kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo hakumnyang'anya kitabu. Alipanda, akaketi naye.

Anayeuliza aanzie wapi namshauri afuate masomo ya Misa. Jumapili zetu huzunguka kwa miaka mitatu: mwaka wa Matayo, wa Marko na wa Luka, huku Yohane akisikika hasa Kwaresima na Pasaka. Soma nyumbani Jumamosi usiku kile utakachosikia kesho yake. Dakika 15 zinatosha.

"Sijui kusoma, nitafanya nini darasani?"

Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Mpunguzi, mkulima wa zabibu. Alitusalimu "Mbukwenyi", akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia magotini. Wiki sita hakusema neno. Kila daftari lilipogawiwa alilipitisha kwa jirani yake.

Wiki ya saba tulifika Yohane sura ya 15, mzabibu na matawi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikasoma kwamba kila tawi lizaalo Baba hulisafisha ili lizidi kuzaa, nikaanza kueleza habari ya kusafishwa dhambi. Mzee akainua mkono.

Akauliza, "Mwalimu, umeshawahi kusafisha mzabibu?"

Nikamwambia sijawahi.

Akasimama. Akaonyesha kwa mikono miwili jinsi tawi linavyoshikwa, yanavyohesabiwa macho ya tawi, yale yanayochipua, na mahali mkasi unapopita. Akasema kwake wanavuna mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno wanapogoa. Lisilozaa linakatwa likatupwe, hilo linajulikana. Watu wasilolijua ni kwamba lile zuri, lililokupa vichala vingi, nalo linakatwa, na linakatwa sana. "Ukilionea huruma, msimu ujao utapata majani tu."

Darasa zima lilinyamaza. Katika lugha ya asili ya Injili, neno hilo tunalosoma "hulisafisha" ni kweli linabeba maana ya kupogoa, na mimi nilikuwa nalo kwenye maandalizi yangu, karatasi ya pili, chini. Nilikuwa nimelipita. Yeye hakuwa na karatasi. Wamisionari Wakatoliki ndio walioleta mzabibu Dodoma, wakitafuta divai ya Misa, na sasa mjukuu wa waliowapokea alikuwa anatufundisha Injili kwa mzabibu huo.

Tangu siku hiyo sikubali kuambiwa kwamba asiyesoma hana la kujifunza wala la kufundisha. Tunasoma kwa sauti, mara mbili, taratibu. Nyimbo, rozari na kisa kinachosimuliwa vilivyo vililea imani za watu kwa karne nyingi kabla ya shule.

"Anayeuliza maswali imani yake ndogo"

Nikiwa mtoto nilimwuliza mwalimu wangu wa mafundisho Kaini alimwoa nani. Nilipigishwa magoti hadi kipindi kiliisha. Sikuuliza tena kwa miaka ishirini. Bikira Maria alimwuliza malaika, "Litakuwaje neno hili?" na hakupigishwa magoti. Darasani kwetu kuna kikapu, swali linaweza kuandikwa bila jina. Nisiloliweza nalipeleka kwa paroko na jibu linarudi wiki inayofuata.

"Jumuiya ni ya michango"

Hapa lazima niseme kweli: dhana hii tumeitengeneza wenyewe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo katikati ya kazi ya Kanisa ili watu wasali, wasome Neno na kusaidiana karibu na wanapoishi. Kisha sisi tukaweka daftari la ahadi mbele na Injili nyuma. Nimehudhuria jumuiya ambako Neno lilipewa dakika nane na ujenzi dakika arobaini. Ujenzi ni wetu, nami nachangia. Lakini baba mmoja aliniambia alikuwa anajificha chumbani Jumamosi kwa sababu hana fedha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anatakiwa aje hata mikono mitupu. Jumuiya zilizoamua michango itajwe mwisho, na mtu akumbushwe kwa siri badala ya kusomwa jina hadharani, wanaume wamerudi. Nimeona kwa macho.

"Ukikua kiroho unasikia moto ndani"

Hii inawatesa hasa walio waaminifu. Mtu anasali, hasikii kitu, anadhani Mungu amemwacha au amerogwa. Mama Teresa wa Kolkata, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2016, aliishi karibu miaka 50 katika giza la namna hiyo. Tulilijua barua zake zilipochapishwa mwaka 2007. Miaka yote hiyo aliamka alfajiri, akasali, akaenda kwa wagonjwa wake.

Nilipolieleza hili darasani, mama mmoja aliyemzika mumewe mwaka juzi alisema kwamba yeye tangu siku ile husali kama anaongea na ukuta. Hakunitazama mimi. Alimgeukia yule mzee wa Mpunguzi.

"Baba, mzabibu ukishakatwa hivyo, unafananaje?"

"Kama kuni, mwanangu. Mgeni akipita anasema umekufa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Namwagilia."

Jumamosi iliyopita mama yule alikuja mapema, akatusaidia kupanga mabenchi, akaomba asome yeye somo la kwanza.