Kabla Hujanunua Pampu, Hesabu Matundu ya Boti Yako

Walinzi wa boti hapa Kilifi huniuliza swali moja kuliko yote: "Fundi, pampu ya kutoa maji yanayoingia botini, ya ukubwa gani itanitosha?" Nami huwauliza kwanza: boti uliyoachiwa ina matundu mangapi chini ya mstari wa maji? Wengi hunyamaza. Wengine hucheka, wakidhani nawatania, maana boti nzima itakuwaje na matundu?

Inayo, tena yametobolewa kiwandani kwa makusudi. Chukua boti ya kusafiria ya futi 40, hizi za faibaglasi ambazo wageni huzifunga kwenye maboya ya kriki kisha wakapanda ndege kwenda kwao. Choo peke yake kina matundu mawili, la kuvuta maji na la kutoa uchafu. Kuna la sinki la jikoni, kuna la maji ya kupoza mashine, kuna ya kutolea maji ya mvua yanayojaa nyuma pale nahodha anapokaa. Shafti ya pangaboi ina tundu lake, nguzo ya usukani vivyo hivyo, na hata kile kidude cha kupima kina kimetobolewa njia. Karibu kila tundu lina koki, koki ina mpira, na mpira umeshikwa na klipu. Chombo cha mamilioni kinaelea kwa sababu tu ya klipu ya bei ya soda.

Sasa tufanye hesabu. Mpira wa milimita 38 ukichomoka kwenye koki iliyo sentimita 60 chini ya maji, bahari inaingia kwa kasi ya mita 3 na ushei kwa sekunde. Hizo ni karibu lita 200 kwa dakika, yaani pipa zima la mafuta kila dakika moja. Upana wa tundu ukizidi mara mbili, maji yanazidi mara nne. Kwenda chini zaidi hakuongezi kwa kiasi hicho: kina kizidi mara nne ndipo maji yazidi mara mbili.

Pampu inayouzwa kwa jina la "elfu mbili", maana yake galoni 2,000 za Kimarekani kwa saa, ni kama lita 126 kwa dakika. Hiyo ni namba ya kwenye boksi, iliyopimwa betri ikiwa imejaa chaji na pampu haina mpira wowote wa kupandisha maji. Ukiifunga ndani ya boti, ikapandisha maji zaidi ya mita moja kupitia mpira wenye mikunjo kwa waya mwembamba, mara nyingi hubaki na nusu hivi. Kwa hiyo pampu ni ya maji yanayodondoka. Tundu lililofunguka hailiwezi.

Na umeme je? Pampu ndogo inayokula ampea 4, kwenye betri ya saa-ampea 100 ambayo nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiua, itafanya kazi saa 12 mfululizo basi. Sola ikiwa imefunikwa na mavi ya ndege, asubuhi ya pili betri imekwisha na hakuna aliyejua kuwa pampu ilikuwa inafanya kazi usiku kucha. Ndiyo maana nataka kila pampu iwe na taa au king'ora kinachosikika hadi nje. Pampu inayofanya kazi kimyakimya inakuficha ugonjwa.

Watu wa jahazi hawana shida hii. Chombo cha mbao huingiza maji kila siku, baharia anaamka anafua maji, na maji yakizidi ya jana anajua kalafati, zile pamba za kuzibia kati ya mbao, imelegea mahali. Boti ya faibaglasi ngama yake, yaani tumbo la chini kabisa, huwa kavu, sakafu imefungwa kwa skrubu, na mwenyewe yuko Ulaya. Hakuna anayechungulia. Halafu chini kuna tani za madini ya risasi au chuma kwenye mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti. Mbao zikijaa maji zinaweza kuelea-elea bado. Hii ikijaa inakwenda moja kwa moja.

Habari zinazosambaa ni za orka wanaovunja sukani karibu na Mlango wa Gibraltar tangu 2020, na kweli boti kadhaa zimezama kule. Ila mimi kazi yangu kubwa ni boti zilizozama au kutaka kuzama zikiwa zimefungwa, bahari shwari, hakuna mtu ndani.

Cha kwanza ninachokagua ni koki zenyewe. Nyingi zinazokuja na boti za kiwandani si bronzi, ni brasi, na brasi ndani yake mna zinki. Maji ya chumvi huinyonya ile zinki polepole, inabaki shaba yenye vitundu kama sponji, ingawa kwa nje umbo ni lilelile. Chukua kisu, kwangua kidogo. Ukiona njano, salama. Ukiona rangi ya waridi, hiyo koki imekwisha. Juzijuzi nilishika mkia wa koki ya choo, pale mpira unapochomekwa, ili nilegeze klipu, sijaanza hata kuzungusha, ukakatika mkononi kama biskuti. Bahati boti ilikuwa juu ya nchi kavu. ABYC, shirika linaloweka viwango vya boti Marekani, linataka koki iliyofungwa ihimili mzigo wa kilo 227 kwa sekunde 30. Kiwango cha Ulaya, ISO 9093, kwa miaka mingi kilitosheka na chuma kinachodumu miaka 5 tu. Mnunuzi wa boti ya miaka kumi na tano hakuambiwa hilo.

Klipu nazo zina ujanja wao. Upande wa juu, unaouona, unang'aa. Upande wa chini, kule maji yanakojikusanya, ndiko kutu inakokula. Usiinamishe kichwa, hutaona; ingiza simu kwa chini, piga picha, kisha itazame. Mara nyingi mkanda ni stenlesi nzuri lakini skrubu ni chuma cha kawaida. Weka klipu mbili kila mpira, skrubu zikitazamana pande tofauti, mradi mkia wa koki una urefu wa kuzitosha zote mbili.

Masika ikianza, tatizo huja kwa juu. Majani na manyoya ya ndege huziba mifereji ya nyuma, mvua ya usiku mmoja inajaza pale nyuma, na boti inaanza kukalia tezi, yaani kuzama upande wa nyuma. Hapo ndipo mambo hugeuka: matundu yaliyokuwa juu ya maji sasa yako chini, likiwemo lile la kutolea maji ya pampu yenyewe. Pampu ikisimama, bahari inarudi kwa mpira uleule. Dawa yake ni kuupandisha mpira juu kabisa ya mstari wa maji, kisha ushuke, na kileleni uwekewe vali ndogo ya kuingiza hewa. Mpira wa choo pia. Hiyo vali hugandiana kwa chumvi, kwa hiyo ifungue uioshe kwa maji yasiyo na chumvi.

Unapoondoka kwenye boti, funga koki zote isipokuwa za mifereji ya mvua. Koki isiyofungwa na kufunguliwa kila mwezi, siku ukiihitaji haitageuka.

Ukikuta maji ndani, yaonje. Ndiyo, yaonje, kama hayana mafuta wala harufu ya choo. Yakiwa hayana chumvi, ni mvua au tangi la kunywa, una muda. Yakiwa ya chumvi, yakaushe yote, nyunyiza poda ya mtoto kwenye ngama, kaa dakika kumi, na mchirizi utakuonyesha yanakotoka. Pale kwenye shafti yenye pakingi, zile kamba za kuzuia maji kuizunguka, matone machache kwa dakika mashine ikizunguka ni kawaida. Mashine ikiwa imezimwa, pasidondoke.

Kila koki iwe na kizibo chake cha mti, chenye ncha, kimefungwa kwa kamba palepale. Kiwe cha mti laini, si mvule wala mkoko, maana mti mgumu haukubali umbo la tundu lililovunjika. Kwa ufa mkubwa, ziba kwa nje ukiweza, kwa sababu maji yenyewe yatakusaidia kukandamiza. Mwaka 1770 meli ya Endeavour ya James Cook iligonga mwamba Great Barrier Reef, Australia; mabaharia wakalipitisha tanga lililojazwa nyuzi na sufu chini ya meli, likanyonywa kwenye tundu, na wakafika pwani. Ukilazimika kuziba kwa ndani, tumia godoro na ubao, kisha egemeza nguzo. Usikate tamaa maji yakifunika tundu: hapo yanaingia polepole kuliko mwanzo, na ile pampu inaanza kuwa na faida.

Kitu kimoja hakina kizibo, nacho ni mkuku. Boti ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki ilikuwa ikirudi Southampton kutoka Antigua mwezi Mei 2014 mkuku ukachomoka katikati ya Atlantiki, na watu wote 4 wakapotea. Boti ya mpira ya kujiokolea ilikutwa bado imefungwa mahali pake. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza mwaka 2015 kwamba huenda kugonga chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mifupa ya ndani iliyogundishwa kwenye ganda la boti. Kwa hiyo boti iliyogonga mwamba hata kidogo, fungua sakafu utazame mbele na nyuma ya mkuku. Ukiona nyufa kama nywele, gundi iliyoachia au kutu inayochuruzika, usiiruhusu itoke kriki.

Kubadilisha koki hakuhitaji kreni kila mara. Katamarani, yaani boti za maganda mawili, na boti za mkuku mrefu tunazipandisha pwani wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Maji hupwa kama mita 3, nawe unapata saa nne au tano za kazi. Kila kitu kiwe kimeshajaribishwa kavu siku moja kabla, na gundi iwe ya aina inayokaza hata ndani ya maji. Maji yakianza kujaa, kaa ndani na tochi, koki zote zikiwa zimefungwa, na tishu kavu imezungushiwa kila kitako. Usishuke hadi maji yafike kwenye mstari. Tishu ikilowa, kaza nati. Ikilowa tena, usiivute boti kwenda kwenye boya, iache palepale. Kesho maji yatapwa kama dakika 50 baadaye, uifungue upya.