Geto si mtaa wa mabanda

Juzi nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, redio imefunguliwa, mtangazaji akasema Wayahudi wa Ulaya zamani walikuwa fukara, ndiyo maana waliishi kwenye mageto. Kinyozi, mashine ikiwa bado kisogoni kwangu, akadakia: "Hata mimi nakaa geto, kaka." Tukacheka. Lakini hii ilikuwa mara ya nne au ya tano mwaka huu kusikia kauli ya namna ile, nikaona niandike.

Geto, kwa maana yake ya asili, ni mtaa ambao Wayahudi walilazimishwa na sheria kuishi humo, wenye malango yanayofungwa usiku. Basi. Utamu uko kwenye neno lenyewe.

Venice, mji wa Italia, upande wa Cannaregio, kuna kisiwa kidogo kilichozungukwa na mifereji. Zamani maeneo hayo yalikuwa ya karakana ya shaba. Kwa Kiitaliano gettare ni kutupa, na pia ni kumimina madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani kusubu. Mahali pa kusubia pakaitwa getto. Seneti ya Venice ilipoamuru tarehe 29 Machi 1516 kwamba Wayahudi wa mji wahamie kisiwani, karakana ilishakufa, jina ndilo lililobaki. Wako wanaolivuta neno hadi kwenye get ya Kiebrania, maana yake talaka. Inapendeza kuisikia, ila jina lilikuwapo kabla Myahudi wa kwanza hajahamishiwa hapo. Na kwa nini hatusemi "jeto", kama Kiitaliano kinavyotaka? Wengi hueleza kwamba waliotangulia kuhamishwa walikuwa na asili ya Ujerumani, na ulimi wao uliitamka g kwa uzito.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa lingine. Uwanja wa mtaa huo unaitwa Campo di Ghetto Nuovo, na watu hutafsiri "geto jipya" wakidhani lilitanguliwa na geto la zamani la Wayahudi. Ni kinyume chake. Upya na uzee ni wa karakana. Wayahudi walianzia Ghetto Nuovo, wakaongezewa Ghetto Vecchio, "la zamani", mwaka 1541, kwa ajili ya wafanyabiashara waliotoka dola ya Waturuki. Jipya ndilo kongwe.

Hata hilo campo maana yake ni shamba. Venice huita viwanja vyake hivyo karibu vyote. Hili ni shamba la mawe, lina visima vitatu katikati, na limezungukwa na nyumba ndefu kuliko kawaida ya mji. Watu waliongezeka na kisiwa hakikuongezeka, basi wakajenga kwenda juu: ghorofa sita, saba, hata zaidi, dari zikibanwa chini ili nyumba ipate ghorofa moja ya ziada. Sinagogi ziliwekwa ghorofani. Ile ya Wajerumani, ya 1528, utaitambua kwa madirisha yake matano yaliyojipanga mstari.

Sasa turudi kwa mtangazaji. Ndani ya malango hayo walikaa maskini, ndiyo, lakini walikaa pia matajiri na madaktari wenye ruhusa ya kutoka usiku kutibu wagonjwa. Maskini Wakristo wa mji ndio waliovuka daraja kuja kuweka rehani vitu vyao kwenye benki za uwanjani hapo. Kilichofanya mahali pawe geto si ufukara. Ni lango, walinzi Wakristo waliolipwa kwa fedha za Wayahudi wenyewe, na kodi ya nyumba iliyopandishwa kwa theluthi siku wapangaji Wakristo walipotoka na Wayahudi kuingia. Askari wa Napoleon walipoingia mwaka 1797, malango yaling'olewa na kuchomwa moto palepale uwanjani. Wengi waliendelea kuishi mlemle, nyumba zilezile, dari zilezile. Lakini kisheria geto lilikuwa limekwisha.

Mageto ya Wanazi, kama la Warsaw la 1940, yalichukua jina hilo kwa kazi nyingine kabisa: kukusanya watu kabla ya kuwaua. Venice nayo haikusalimika. Septemba 1943 kiongozi wa jumuiya, daktari Giuseppe Jona, alitakiwa kukabidhi orodha ya Wayahudi wa mji. Alijiua asiitoe. Leo ukutani mwa uwanja huo kuna sanamu za shaba za kuwakumbuka waliopelekwa kwenye kambi, na shaba ile, kama ujuavyo, nayo ilisubiwa.

Kwetu neno limefika likipitia mitaa ya watu weusi wa Marekani na muziki wao. Nairobi likawa mtaa wa mabanda, Dar likawa chumba cha kapera. Sina ugomvi na hilo, lugha huazima na kushona upya. Kinyozi wangu na aendelee kukaa geto lake, funguo anazo mfukoni. Ila ukiwazungumzia Wayahudi wa Ulaya, usiseme waliishi geto kwa sababu ya umaskini. Sema walifungiwa.