Han ni nini? Mfano wa Aizu na ngome yake

Han lilikuwa eneo lililotawaliwa na bwana aitwaye daimyo, katika Japani ya ukoo wa Tokugawa, 1603 hadi 1868. Yalikuwapo zaidi ya 250, kila moja na askari, kodi na kanuni zake. Ukubwa wake ulihesabiwa kwa mchele, wala si kwa upana wa ardhi. Kipimo kiliitwa koku, takriban lita 180, yaani chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Bwana ambaye eneo lake halikufikia koku 10,000 hakuwa daimyo.

Wengi hudhani daimyo alikuwa mfalme mdogo juu ya ardhi ya mababu zake. Mara nyingi alikuwa karibu zaidi na mkuu wa mkoa: shogun, mtawala mkuu aliyekaa Edo (Tokyo ya leo), aliweza kumpunguzia koku au kumhamisha. Aizu, katika milima ya Fukushima ya leo, inaonyesha hivyo. Gamo Ujisato alipewa eneo hilo 1590, kabla hata ya Tokugawa kushika dola, akaijengea ngome yake mnara wa ghorofa saba. Wakaja ukoo wa Uesugi, wakarudi ukoo wa Gamo, wakafuata ukoo wa Kato, ambao waliujenga upya kwa ghorofa tano baada ya tetemeko la 1611 kuuharibu. Mwaka 1643 akaingia Hoshina Masayuki, ndugu wa shogun kwa baba, kwa koku 230,000.

Huyu ndiye aliyeufunga ukoo wake kwa shogun. Kanuni alizoacha 1668 zilisema mzao atakayemwasi shogun si wa damu yake. Basi utawala wa Tokugawa ulipoanguka, Aizu haikugeuka, na mwaka 1868 jeshi la serikali mpya likaizingira ngome kwa takriban mwezi mzima. Ndani, wanawake waliyakimbilia makombora yaliyoanguka na kuyafunika kwa magodoro yaliyoloweshwa maji, yasilipuke. Si kila mmoja aliwahi.

Baada ya kusalimu amri, watu wa Aizu walihamishiwa Tonami, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu: koku 30,000 kwenye makaratasi, baridi na njaa kwa kweli. Mwaka 1871 serikali ilifuta han zote na kuweka mikoa, na ngome ikabomolewa 1874. Mnara unaoonekana leo ni wa zege, wa mwaka 1965. Kuta za mawe chini yake ndizo za zamani.