Smith ni mhunzi, si "mpigaji"

Wapo wanaoeleza kwamba jina la ukoo Smith limetoka katika kitenzi cha Kiingereza smite, yaani kupiga kwa nguvu: mhunzi hupiga chuma, askari hupiga adui. Ni maelezo yanayovutia, na yamerithishwa kwa muda mrefu. Lakini si kweli.

Katika Kiingereza cha kale, fundi aliitwa smiþ. Herufi ile ya mwisho hutamkwa th, kama katika "thamani". Kitenzi kile kilikuwa smitan, chenye t ya kawaida, na maana yake ya awali ilikuwa kupaka au kuchafua. Maana ya kupiga ilikuja baadaye. Ni maneno mawili yenye mizizi tofauti, kama vile "tatu" na "thelathini" zisivyochanganyika masikioni mwetu. Smiþ lilimaanisha fundi wa mikono, hasa wa chuma.

Majina ya ukoo yalianza kurithiwa Uingereza baada ya Wanormandi, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia mwaka 1066, polepole, kwa karne kadhaa. Karibu kila kijiji kilihitaji mtu wa kutengeneza majembe na kwato za chuma za farasi, kwa hiyo jina lilizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana akina Smith wawili wanaweza wasiwe na undugu wowote. Sensa ya Marekani ya 2010 ilihesabu zaidi ya milioni 2.4, na ndilo jina la ukoo lililoongoza.

Wajerumani wana Schmidt, Waarabu wana Haddad. Kazi ni ileile.