Nyoka Amegoma Kula: Yanayosemwa Mwanza na Ukweli Wenyewe

Kazi yangu ni kutibu mifugo, na kwa hapa Mwanza hiyo maana yake ni ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Lakini mvua za masika zikishakatika na upepo wa ziwani ukaanza kuuma usiku, simu za nyoka nazo huanza kuingia. Wafugaji wake ni wachache: vikundi vya ngoma za Kisukuma upande wa Kisesa na Magu wanaocheza na chatu, na watu wenye kibali cha kufuga wanyamapori. Swali lao huwa lile lile: amegoma kula, tumfanyeje? Na mpaka wanipigie, wameshapokea ushauri wa mtaa mzima. Baadhi ya ushauri huo unamuumiza mnyama kuliko njaa yenyewe, ndiyo maana naandika. Mara nyingi nyoka aliyegoma ana kinywa kizima na tumbo zima. Kasoro iko mahali alipowekwa.

"Asipokula wiki mbili, huyo anakufa"

Kuku akikaa siku tatu bila kula, una haki ya kuogopa. Nyoka ni kiumbe mwingine. Hajitengenezei joto la mwili, kwa hiyo chakula kingi ambacho sisi tunakiunguza ili tubaki na joto, yeye hakihitaji. Nyoka mdogo aliyeanguliwa karibuni hula kila baada ya siku tano hadi saba. Chatu mkubwa akila mara moja kwa wiki mbili au nne, inamtosha. Chatu jike wa kwetu akishataga hujizungusha juu ya mayai yake, ambayo mara nyingi ni 30 hadi 50, na hukaa nayo kama miezi mitatu bila kula. Dume naye husahau chakula majira ya kutafuta jike. Na nyoka yeyote anayekaribia kujivua gamba hugoma: macho yake huingia ukungu wa bluu, rangi ya ngozi hufifia, haoni vizuri na hataki kusumbuliwa. Ukiona macho ya namna hiyo, mwache panya wa kumlisha abaki kwenye friza. Mpe siku kadhaa baada ya kujivua, kisha ujaribu tena.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni uzito, wala si idadi ya siku. Nunua mizani ya jikoni, mweke nyoka kwenye ndoo yenye mfuniko, pima, toa uzito wa ndoo, andika kwenye daftari. Fanya hivyo kila wiki, siku ile ile. Mkubwa ambaye hajala mwezi mzima lakini uzito wake haujasogea anajua anachofanya. Aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au ambaye uti wa mgongo umeanza kuchomoza na ngozi ya ubavuni kukunjamana, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Kwa mtoto usisubiri hata afikie hapo, maana hana akiba mwilini.

"Mwanza ni joto, nyoka wa hapa hahitaji kupashwa"

Hapa ndipo nyoka wengi ninaowaona wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28, ukisimama juani utasema inatosha. Usiku hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti hushuka zaidi. Nyoka wa porini hana shida na hilo kwa sababu ana mawe. Yale majabali ya Saanane, Bugando na Capri Point hunywa jua kutwa nzima na kubaki na uvuguvugu hata giza likishaingia, na ndani ya nyufa zake chatu hujisogeza mwenyewe mpaka apate kiasi anachokitaka. Wa kwako yuko ndani ya boksi juu ya sakafu ya saruji. Hana pa kusogea.

Nyoka akiwa na baridi, mmeng'enyo husimama. Mlo uliomo tumboni huanza kuoza kabla haujasagika, na mwili wake unalijua hilo, kwa hiyo hukataa kumeza. Kukataa huko kunamlinda. Ukifanikiwa kumlisha kwa hila akiwa na baridi, utakuta ametapika panya aliyevimba na kunuka, na baada ya hapo tumbo linahitaji kama wiki mbili za kupumzika kabla ya kujaribu tena.

Kwa chatu wengi wanaofugwa, upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33 na upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kipimajoto kikae chini, pale nyoka anapolala. Nimeshaonyeshwa vipimajoto vimebandikwa juu kabisa kwenye kioo, vinasoma 32, na sakafu nikiigusa kwa kiganja ni baridi. Balbu ya kumpashia joto ikae nje ya wavu, kwa sababu nyoka hujiviringisha kwenye balbu ya moto mpaka ngozi ikaungua. Na uwe na kidhibiti joto, maana kuna hatari ya upande wa pili: chumba cha mabati kisicho na dari, pale Mabatini au Igoma saa nane mchana, kinaweza kugeuza boksi la kioo kuwa tanuri. Joto la nyuzi 40 linaua upesi kuliko njaa. Umeme ukikatika usiku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya taulo inasaidia mpaka urudi.

Baada ya joto kuna maficho. Watu hupenda kumweka nyoka sebuleni, kwenye kioo pande zote nne, karibu na televisheni, na kila mgeni akija anagonga kioo. Nyoka asiye na pa kujificha hujihisi anawindwa, na anayewindwa hali. Chungu kilichovunjika ukikifunika chini, kikaacha mlango mdogo, kinatosha. Kiwe kidogo kiasi kwamba akijikunja ndani, mgongo unagusa kuta. Weka kimoja upande wa joto na kingine upande wa ubaridi, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Kisha funika kioo kwa kanga, mwache wiki nzima bila kumshika. Nyoka wengi niliofuatilia walikula baada ya hayo tu, bila dawa yoyote.

"Anajinyoosha kando yako kukupima, anaweka njaa ili akumeze"

Si kweli hata kidogo. Chatu hapimi windo lake kwa kulala ubavuni mwake. Huotea, hukamata kwa meno na kubana, yote kwa sekunde chache. Anayejinyoosha kitandani anafuata joto la mwili wako. Hata hivyo chatu wa kwetu akikomaa ana nguvu za kumuua mtu, kwa hiyo kulala naye chumba kimoja au kumwacha na mtoto ni hatari, iwe amekula au hajala.

"Mwachie panya hai ndani, njaa ikimzidi atakula"

Huu ushauri unanisikitisha kuliko mingine yote. Panya aliyefungiwa usiku kucha na nyoka asiyetaka kula naye anapata njaa, na panya mwenye njaa hutafuna kilicho karibu. Nyoka mwenye baridi au anayejivua gamba hajitetei. Nimewahi kumshona nyoka aliyeliwa mgongo mpaka mfupa ukaonekana, na mfugaji wake alidhani panya ndiye aliyekuwa hatarini.

Mpe panya aliyekwisha kuuawa. Walioganda kwenye friza wayeyushwe taratibu, kisha mfuko uzamishwe kwenye maji ya moto kabla tu ya kulisha, mpaka panya apate joto la mnyama aliye hai, hasa kichwani. Chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na panya wa baridi kwake si chakula. Mshike panya kwa koleo ndefu, usitumie vidole, msogeze polepole mbele ya maficho jioni taa zikiwa zimezimwa. Unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Akigeuza kichwa, mwachie panya huyo mfu mlangoni pa maficho mpaka asubuhi, kisha umtoe. Kujaribu kila siku kunamkera zaidi. Subiri wiki.

Aliyezoeshwa kuku huweza kumkataa panya kabisa, na vikundi vya ngoma wanalijua hili vizuri. Mpanguse panya kwa manyoya ya kifaranga, au umpe kifaranga chenyewe wakati unamzoesha.

Halafu kuna panya wa mtegoni, wa nyumbani au wa stoo ya mahindi. Ni bure, najua. Lakini pita Makoroboi usikilize spika za wauza dawa za panya na mende, uone jinsi sumu ilivyoenea mjini. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa, na baadhi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, zikaendelea kufanya kazi ndani ya aliyemla. Panya wa mitaani ana minyoo pia. Tumia weupe wanaofugwa.

"Mpe maziwa, mayai au dagaa, apate nguvu"

Nyoka hunywa maziwa pale tu anapokuwa na kiu kali na hakuna maji, na tumbo lake halina uwezo wa kuyasaga. Huharisha, akazidi kukauka. Weka maji safi kwenye bakuli zito analoweza kuingia. Mayai ni chakula cha nyoka wa jamii ya Dasypeltis, wenye vichomozo vya mifupa kooni vya kupasulia ganda. Chatu hana vifaa hivyo. Na dagaa wetu, pamoja na utamu wake wote, si mawindo ya nyoka anayekula panya.

"Mfungue mdomo, umsukumie chakula"

Kijiti au kijiko kikiingia kinywani huvunja meno na kuchana fizi, vidonda vikaoza, na mnyama aliyekuwa amegoma kwa baridi sasa anagoma kwa maumivu. Tundu la pumzi la nyoka liko mbele kabisa kwenye sakafu ya mdomo. Uji au supu ikimwagikia pale, inaenda mapafuni. Kulisha kwa bomba kupo, ila hufanywa na daktari, kwa nyoka aliyekonda kweli, baada ya kumrudishia maji na joto.

Mwenye kufunga muda mrefu asifunguliwe kwa mlo mkubwa. Watafiti waliochunguza chatu wa Burma waliona kwamba ndani ya takriban siku mbili baada ya kula, moyo wake huongezeka ukubwa kwa karibu 40%, na utumbo nao hunenepa, kisha vyote hurudi nyuma mlo ukisha. Maana yake ni kwamba nyoka aliyefunga ana utumbo uliosinyaa, na kila mlo unamlazimu kuujenga upya. Anza na panya mdogo kuliko aliozoea. Akishakula, usimshike kwa siku mbili au zaidi.

"Nyoka wa ngoma hali kwa sababu amefungwa kwa dawa"

Bayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka wa Kisukuma, wana ujuzi wa kushika nyoka ambao mimi nauheshimu sana, na ukienda makumbusho ya Bujora utaona historia ya vyama vya ngoma imetunzwa. Katika hili la kula, maelezo ni mepesi. Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, huangukia mwanzo wa majira ya baridi. Chatu anatolewa kwenye kikapu, anavishwa shingoni, anapigiwa ngoma, anarudishwa kikapuni, siku baada ya siku. Hana joto la kudumu wala maficho. Mzee mmoja wa kikundi aliniambia, "Mwanangu, sisi hatumlishi kabla ya ngoma, atatapika mbele za watu." Ni sahihi kabisa. Ninachowaomba ni kwamba ngoma ikiisha, apumzishwe mahali penye joto, wapokezane chatu wawili au watatu, na mmoja asichezeshwe mwezi mzima.

"Huyu nimemtoa mateteni, atazoea tu"

Wavuvi hukuta chatu wadogo kwenye matete na nyavu, na kuna anayetamani kumfuga. Nyoka aliyezaliwa porini huja na minyoo, kupe na hofu, na huyo ndiye mgomaji sugu kuliko wote. Zaidi ya hapo, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumweka bila kibali ni kosa. Mwache alipo, au uwajulishe TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori.

Kwa aliye na kibali, kuna dalili ambazo hazisubiri mizani: mapovu puani au kinywani, kupumua mdomo wazi huku kichwa kimeinuliwa, usaha au rangi ya njano kwenye fizi, utitiri mweusi mdogo unaotembea kandokando ya macho na kuelea kwenye maji yake, au kutapika mara mbili mfululizo. Hapo chumba cha joto peke yake hakitoshi. Mweke kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, mfuko uingie kwenye boksi lenye matundu na chupa ya maji ya uvuguvugu pembeni, umlete asubuhi. Leta na kinyesi chake cha mwisho ndani ya kichupa, tukitazame kwenye hadubini, pamoja na lile daftari la uzito. Ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamgusa mtoto wala sufuria, kwa kuwa nyoka mzima wa afya naye hubeba salmonela.